Ukubwa wa Kamera na Hesabu ya Picha Njema

Imekuwa ada kwa wapiga picha kusema kwamba mwenye kamera kubwa hupata picha njema nyingi, kwa kadiri ya mara afyatuazo, kuliko mwenye kamera ndogo, nao huitoa kauli hiyo kuwa ni ithibati ya ubora wa chombo. Hesabu yenyewe haina shaka. Hukumu inayojengwa juu yake ndiyo nisiyoikubali.

Jioni ya tarehe 1 Novemba 1941, huko New Mexico, Marekani, Ansel Adams aliuona mwezi umepanda juu ya kijiji cha Hernandez, na jua linalotua likiiangaza misalaba ya makaburini. Kamera yake ilitumia filamu za inchi 8 kwa 10, moja moja. Ilimpasa kuisimamisha juu ya miguu mitatu na kuipanga sura iliyopinduka juu chini katika kioo cha ukungu. Na kwa kuwa hakukiona kipimamwanga chake, alikadiria nuru kwa mwangaza wa mwezi, ambao kipimo chake alikihifadhi moyoni. Akafyatua mara moja, na alipokuwa akigeuza kibweta cha filamu ili apige ya pili, jua lilikwisha kuiacha misalaba. Alipiga moja, akapata moja. Lakini ni nani awezaye kuhesabu mandhari ambazo mwenye kamera kama ile huzitazama, akazipima taabu na gharama, kisha akazipita asifungue hata sanduku?

Robert Frank, mzaliwa wa Uswisi, alizunguka Marekani mwaka 1955 na 1956 kwa ruzuku ya Guggenheim, mkononi ana Leica, kamera ndogo ambayo mkanda wake mmoja hutoa picha 36. Alipiga takriban 28,000, na katika kitabu chake, kilichotoka Paris mwaka 1958, aliziingiza 83, yaani moja kwa kila 337 hivi. Hakuna mwenye insafu atakayesema kwamba jicho lake lilikuwa dhaifu mara 337 kuliko la Adams. Mojawapo ya hizo 83 ni ya gari la abiria mjini New Orleans, Wazungu wameketi mbele na Weusi nyuma, nyuso zao zikionekana madirishani. Na gari lile lisingalimngoja mtu ajifunike kitambaa cheusi ili atazame kioo cha kamera kubwa.

Kukataa, basi, hakuna budi kwa wote wawili, na kamera huamua tu pahali pake. Kubwa humlazimisha mtu akatae kabla ya kufyatua, na kukataa huko hakuachi alama. Ndogo humruhusu akatae baadaye, na kila alichokikataa hubaki katika filamu, kikihesabiwa dhidi yake. Kamera ya Rolleiflex, yenye picha 12 kwa mkanda, husimama kati.

Hatari ya kamera ndogo naiona kwingine, nayo imezidi tangu zije kamera za dijitali zisizo na mkanda wa kwisha: ni kuahirisha uchaguzi hata usifanyike. Hata kabla ya hizo, mpiga picha Garry Winogrand alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda ipatayo 2,500 ambayo haijasafishwa. Wengine ndio walioisafisha na kuchagua humo, na hesabu yoyote ya picha njema zilizotoka katika mikanda hiyo ni ya macho yao kama ilivyo ya macho yake.