Chukudu ya Masisi, Ndege ya Walikale

Chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ilizaliwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, miaka ya 1970, enzi za Mobutu, barabara zilipoanza kuachwa zife. Haina kanyagio, mnyororo wala tandiko. Ni ubao mrefu wa mkaratusi, usukani mpana kama pembe za ng'ombe, na magurudumu mawili ya mti mgumu yaliyovikwa ukanda wa tairi kuukuu. Dereva hupiga goti moja juu ya ubao, palipopigiliwa kipande cha kandambili goti lisichubuke, na mguu wa pili husukuma ardhi. Kwenye mteremko wa kutoka vilima vya Masisi hadi Sake, mzigo wenyewe ndio injini: viazi, kabichi, makala, mbao, mamia ya kilo kwa safari moja. Kupanda ndiko kunakotoa jasho, na hapo hutafutwa watu wa kusukuma.

Walikale, jirani ya Masisi, ni msitu, mvua na matope. Huko iliyotawala ni L-410, ndege iliyoundwa Kunovice, Czechoslovakia, na kuruka mara ya kwanza tarehe 16 Aprili 1969. Toleo lake la UVP lilibuniwa kwa viwanja vifupi visivyo na lami. Mabawa yake yako juu ya kiwiliwili, kwa hiyo pangaboi zake mbili hukaa mbali na mawe.

Baada ya kasiteriti, madini ya bati, kugunduliwa Bisie, huko Walikale, mwaka 2002, ndege hizo zilitua Kilambo, karibu na Mubi, katikati ya barabara ya Kisangani. Watu na magari walisimamishwa, ndege ikatua kwenye lami, ikashusha bia, sukari na sabuni, ikapakia magunia, ikarudi Goma.

Kwa mwendo, hakuna cha kulinganisha. Lakini mimi naipa chukudu heshima kubwa zaidi. Ikivunjika Masisi, seremala wa Masisi huitengeneza kwa panga na patasi, na malipo hubaki kijijini. Ndege ilidai nauli kwa kila kilo, na mchimbaji ndiye aliyeilipa mara mbili: kwenye bei ndogo ya madini yake na kwenye bei kubwa ya sabuni. Septemba 2010, Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema hadi Machi 2011, shehena ya Kilambo ilikauka. Chukudu ziliendelea kushusha viazi. Tangu 2009 Goma ina sanamu ya chukudu, yenye rangi ya dhahabu, na inastahili.

Bisie penyewe, hata hivyo, hakikufika chombo chochote kati ya hivi viwili. Wabebaji walitembea msituni siku mbili hadi Njingala, kila mmoja na gunia la kilo 50 mgongoni. Barabara ya kufika mgodini ilikuja na kampuni ya Alphamin, kabla haijaanza kuzalisha bati mwaka 2019.