Boma la Kale Juu ya Mam Tor



Wengi katika sisi tunaokaa Uingereza huwachukua watoto Derbyshire siku za joto, wakapanda mlima Mam Tor, wakala sambusa zao, wakapiga picha, wakateremka. Ni wachache wanaojua kwamba pale juu wamekanyaga mji wa watu. Kwa kuwa nimesomesha miaka mingi, nimeona niueleze hapa, ili mzazi akiulizwa na mwanawe awe na jibu.

Mlima huo una kimo cha mita 517, karibu na kijiji cha Castleton. Kilele chake kimezungukwa na tuta kubwa la udongo na handaki, na milango yake ni miwili. Asitafute mtu minara kama ya Ngome Kongwe ya Unguja. Hili ni boma. Ndani yake, ubavuni mwa mlima, mna mahali zaidi ya mia palipochimbwa na kusawazishwa: ndipo zilipokuwa nyumba. Baina ya 1965 na 1969 Chuo Kikuu cha Manchester kilichimba pale, vikapatikana vigae vya vyungu na mawe ya kunolea. Makaa yaliyotoka katika nyumba hizo yalipopimwa, yalionyesha kuwa watu walikaa pale zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa.

Mlima wenyewe haukutulia. Chini ya mawe ya mchanga mna tabaka laini, na maji ya mvua yakiingia, huteleza. Upande mmoja umeporomoka na kuchukua sehemu ya tuta. Barabara iliyopita chini yake ilitengenezwa mara kwa mara, hata 1979 ikafungwa kabisa.

Watu wale walikuwa na wazee wao na majina yao, lakini hawakuacha maandishi. Twajua walipolala na walichopikia; jina hatujui hata moja. Na sisi je? Wazee wetu waliotoka pwani wanatutoka mmoja mmoja, na kijana akiulizwa jina la baba wa babu yake, hunyamaza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi naziomba nyumba zetu, kabla ya kitabu cha mwaka ujao, kila moja iandike majina ya wazee wake, mitaa waliyotoka na kazi walizofanya. Waulizeni mabibi wangali hai.

Wabillahi tawfiq.