Usafirishaji wa mifugo na usalama wa nyama: mambo ya kufahamu kwa wanafunzi wa udaktari wa mifugo

Ng'ombe anayenunuliwa mnadani Tanzania anaweza kuishia katika machinjio ya Kenya, na anayetoka Somalia hupitia soko la Garissa kabla ya kufika Nairobi. Njiani hupita mikononi mwa dalali, mfanyabiashara, dereva na mchinjaji. Daktari wa mifugo hukutana naye mara mbili: anapotoa kibali cha kumsafirisha na anapomkagua machinjioni. Makala haya yanaeleza kwa nini hizo mbili ni kazi moja.

Nani hubeba hasara

Katika minada mingi ya ukanda huu mnyama huuzwa kwa makadirio ya macho, si kwa mizani. Dereva naye hulipwa kwa safari. Mwenye lori hunufaika kwa kujaza wanyama wengi, lakini jeraha la ng'ombe aliyebanwa au kuangukiwa na wenzake huonekana baada ya ngozi kuchunwa, wakati muuzaji ameshalipwa na kuondoka. Bei peke yake, basi, haimlazimishi mtu kumtunza mnyama njiani. Ndiyo maana sheria inahitajika.

Hasara yenyewe si ndogo. Ng'ombe wa kilo 250 asiyekula wala kunywa kwa saa 24 anaweza kupungukiwa na asilimia 6 hadi 8 ya uzito wake, yaani kilo 15 hadi 20. Mwanzoni kinachopungua ni maji na kilichomo tumboni, lakini safari ikirefuka nyama yenyewe hupungua. Aidha, sehemu yenye damu iliyovilia hukatwa na kutupwa.

Kinachotokea mwilini

Misuli ya mnyama huhifadhi sukari iitwayo glaikojeni. Baada ya kuchinjwa, sukari hiyo hugeuka kuwa asidi, na pH ya nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi kati ya 5.4 na 5.8. Mnyama aliyechoka, aliyepigwa au aliyepigana na wenzake huwa ameshaitumia sukari hiyo. Nyama yake hubaki na pH ya 6 au zaidi: huwa nyeusi, ngumu na kavu, nayo huharibika mapema kwa kuwa asidi ya kuzuia bakteria haitoshi.

Vilevile, uchovu huwafanya wanyama watoe vijidudu kama Salmonella kwa wingi zaidi kwenye kinyesi. Katika lori lililosongamana kinyesi hicho huchafua ngozi, na wakati wa kuchuna hufika kwenye nyama.

Sheria zilizopo

Tanzania ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, Sheria ya Tasnia ya Nyama ya 2006, iliyoanzisha Bodi ya Nyama, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama (Sura ya 360), Sheria ya Magonjwa ya Wanyama (Sura ya 364) na Sheria ya Kudhibiti Nyama (Sura ya 356). Chini ya Katiba ya Kenya ya 2010, machinjio yako mikononi mwa serikali za kaunti.

Kimataifa, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililozoeleka kama OIE, lilipitisha mwaka 2005 viwango vya usafirishaji wa wanyama kwa nchi kavu. Kwa mujibu wa viwango hivyo, hastahili kusafiri mnyama asiyeweza kusimama mwenyewe na kukanyagia kila mguu, aliye kipofu wa macho yote mawili, au mwenye mimba iliyo katika asilimia 10 ya mwisho ya muda wake. Kwa ng'ombe hiyo ni takriban wiki nne za mwisho.

Mnyama akifa njiani

Hapa ndipo kishawishi ni kikubwa. Mwenye mali huona fedha zake zinapotea na kutaka kibudu kichunwe, kiuzwe kwa bei ya chini. Mnyama aliyekufa ghafla anaweza kuwa na kimeta, na kupasua mzoga huo husambaza vimelea ambavyo hudumu ardhini kwa miaka mingi. Mzoga wa aina hiyo haupasuliwi. Huteketezwa au kufukiwa kwa kina chini ya usimamizi wa wataalamu.

Mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa 2006 na 2007 uliua watu zaidi ya 100 nchini Kenya na zaidi ya 100 nchini Tanzania. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wamegusa damu na nyama ya wanyama wagonjwa. Uchinjaji na usafirishaji ulizuiwa katika maeneo yaliyoathirika, na wafugaji wakakosa soko.

Karatasi mpakani

Mwaka 2017 mamlaka za Tanzania ziliteketeza Namanga vifaranga 6,400 kutoka Kenya, kwa maelezo kwamba viliingizwa bila kibali na vingeweza kuleta mafua ya ndege. Tukio hilo lilizua malalamiko pande zote mbili. Kwa mkaguzi, mnyama asiye na hati hana historia: haijulikani alikotoka, wala alichomwa sindano ya dawa lini. Kila dawa ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo. Mnyama akichinjwa kabla ya muda huo kwisha, mlaji hula mabaki ya dawa.

Maswali ya mkaguzi

Kabla ya kutia sahihi kibali, uliza: Je, kila mnyama anasimama mwenyewe? Sakafu ya lori imetandazwa mchanga au majani ili wasiteleze? Madume wageni wametengwa? Watakunywa maji wapi? Nani atapigiwa simu mmoja akifa?

Machinjioni, uliza wamefika saa ngapi na kama wamepumzika na kunywa maji, kisha wakague wakiwa hai. Mnyama mwenye homa au anayechechemea hutambulika kwa urahisi akiwa amesimama. Akishachunwa, baadhi ya dalili hizo hazionekani tena, na muhuri utakaopigwa juu ya nyama hiyo utakuwa ni wako.