Sauti ya juu ya mtoto wa Kolwezi

Tukisikia neno opera, wengi tunafikiri mwanamke anayeimba juu sana, soprano. Lakini zamani huko Ulaya, Handel aliandika nyimbo za mashujaa kwa wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti zao zisiwe nzito. Ukatili huo ulikwisha, nyimbo zikabaki. Leo zinaimbwa na wanawake, au na wanaume waliojifunza kupandisha sauti bila kukatwa chochote. Mmoja wao ni wetu wa Katanga: Serge Kakudji, mzaliwa wa Kolwezi mwaka 1989.

Mwaka 2008 aliimba katika Pitié! ya Mbelgiji Alain Platel, iliyotokana na muziki wa Bach juu ya mateso ya Yesu. Juni 2014, mjini Vienna, ikaja Coup Fatal: Kakudji pamoja na wanamuziki wa Kinshasa, Handel na Gluck wakipigwa kwa likembe, ngoma na gitaa. Wengi walisifia dansi na suti za sape. Ni haki yao, ila mimi sifa ya kwanza naipa sauti yenyewe: kushika noti ndefu, nyembamba, katikati ya ngoma zote zile, bila kupiga kelele.

Jukwaani lilining'inia pazia la Freddy Tsimba, lililotengenezwa kwa maganda ya risasi. Sisi wa Ankoro, tulioona maganda kama hayo yametapakaa baada ya mapigano ya jeshi na Mayi-Mayi ya Novemba 2002, tungelitambua pazia lile kabla hajafungua kinywa.