Dekalaje: namna ya kusaidia saa ya mwili kisha safari ndefu ya ndege

Mchuuzi wa Bukavu akifika Guangzhou, Uchina, kesho yake saa nne ya asubuhi anaingia sokoni kuchagua bidhaa. Bukavu wakati ule ni saa kumi ya usiku. Macho yako wazi, lakini mwili ungali unadai usingizi. Na ni saa ile ndiyo anahesabu feza, anapima ubora wa vitu, anatia sahihi kwenye karatasi za kontena.

Hali hii wengi huku mashariki wanaiita "dekalaje". Inatokea wakati mtu anavuka haraka nchi zenye saa tofauti, na saa ya mwili wake inabaki nyuma, ingali inafwata saa ya kwao. Alama zake zinajulikana: usingizi unakosekana usiku na unabana mchana, kichwa kinauma, tumbo linavurugika, mtu anasahau na anakasirika haraka. Siyo ugonjwa, na inaisha yenyewe. Ila ukijua namna inavyotembea, unaweza kufupisha zile siku na kuepuka hasara.

Saa ya mwili ni nini

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna vikundi viwili vidogo sana vya chembe hai. Ndivyo vinapanga ni wakati gani mtu asikie usingizi, asikie njaa, joto la mwili lipande ao lishuke. Mwaka 2017, Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel ya uganga juu ya kuonyesha namna saa hii inavyofanya kazi ndani ya chembe. Kazi yao waliifanya kwa vijinzi vya matunda, vile vinavyozunguka ndizi zilizoiva.

Kwa watu wengi, saa hii inazidi kidogo masaa 24. Kila siku inaomba kurekebishwa, na kinachoirekebisha zaidi ni mwangaza unaoingia kwa macho. Giza likiingia, ubongo unatoa melatonini, homoni inayoambia mwili kwamba usiku umefika. Mwangaza mkali unaizuia.

Goma, Bukavu na Bunia ziko karibu na ikweta. Jua linachomoka na kuzama karibu saa ileile mwaka wote. Mtu aliyezoea hivyo akifika Ubelgiji mwezi wa sita, anakuta saa tatu ya usiku jua lingaliko. Akifika Montreal mwezi wa kumi na mbili, anakuta giza linaingia mbele ya saa kumi na moja ya jioni. Yote mawili yanaweza kuvuruga usingizi.

Siyo kila safari ndefu inaleta dekalaje

Kinachohesabika ni tofauti ya saa, siyo urefu wa safari. Saa ya Ubelgiji ni sawasawa na ya mashariki ya Kongo wakati wa kiangazi chao, na wakati wa baridi inabaki nyuma saa moja tu. Anayefika Brussels amechoka juu ya kukaa kwenye kiti usiku mzima; alale vizuri usiku mmoja ao mbili, inaisha. Dubai imetangulia masaa mawili. Guangzhou imetangulia sita. Chicago iko nyuma kwa masaa saba ao nane, kufwatana na majira. Hata ndani ya nchi, Goma inatangulia Kinshasa kwa saa moja, lakini hiyo mwili hauisikii sana.

Mwili unajirekebisha karibu saa moja kwa siku. Kwa tofauti ya masaa sita, inaweza kuomba siku nne mpaka sita. Kuelekea magharibi ni rahisi zaidi kwa watu wengi, kwani kule mtu anarefusha siku, na saa ya mwili inapenda kurefusha. Kuelekea mashariki kunaomba kulala mapema kuliko mwili unavyotaka, na hapo ndipo pagumu.

Siku tatu mbele ya safari

Anayeenda Uchina aanze kulala na kuamka mapema kidogo, nusu saa ao saa moja kila siku. Anayeenda Marekani ao Kanada afanye kinyume: achelewe kidogo kulala na kuamka. Kukesha usiku wa mwisho kwa kufunga mizigo na kuaga jamaa kunaongeza uchovu tu. Ndani ya ndege, kunywa maji, kusimama na kutembeza miguu kunasaidia. Pombe inaleta usingizi mwepesi unaokatikakatika.

Mwangaza, lakini kwa saa inayofaa

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanasikia kwamba jua linasaidia, wanatoka inje saa yoyote. Lakini mwangaza unaweza kusukuma saa ya mwili mbele ao nyuma, kufwatana na wakati unapoingia. Kipimo ni joto la mwili: linashuka kabisa masaa mawili ao matatu kabla ya saa ya kawaida ya kuamka. Mwangaza unaokuja kabla ya hapo unachelewesha saa ya mwili. Unaokuja kisha hapo unaiwahisha.

Kwa mchuuzi anayezoea kuamka saa kumi na mbili ya asubuhi Bukavu, joto linashuka kabisa karibu saa tisa ao kumi ya usiku. Kwa saa ya Guangzhou, hiyo ni saa tatu ao nne ya asubuhi. Kwa hiyo siku ya kwanza aepuke jua kali la asubuhi, abaki ndani ao avae miwani ya jua, kisha kuanzia saa tano atoke na akae kwenye mwangaza mpaka alasiri. Kila siku inayofwata atangulize ule muda kwa saa moja. Biashara kubwa, kama inawezekana, aiweke siku ya tatu na kuendelea, na katika siku za kwanza aiweke mchana kuliko asubuhi.

Kwa familia inayofika Chicago, mambo yanageuka. Wakati wa kiangazi, saa mbili ya usiku kule ni saa tisa ya usiku Goma. Wote wanasinzia mbele ya chakula cha jioni, halafu saa tisa ya usiku ya kule watoto wameamka na wanaomba kula, kwani Goma ni saa nne ya asubuhi. Kinachosaidia ni kutoka inje pamoja na watoto alasiri yote mpaka jua lizame, na kujikaza usilale kabla ya saa tatu ya usiku. Ukiamka katikati ya usiku, baki gizani na acha simu, kwani mwangaza wake pia unaamsha ubongo.

Chakula, kahawa na vidonge

Kula kwa saa za kule mara moja. Usingizi wa mchana usipite nusu saa, na uwe mbali na jioni. Kahawa, hata ile nzuri ya Kivu, inyweke asubuhi. Masaa sita mbele ya kulala iachwe. Melatonini inauzwa kama kidonge katika nchi nyingine, lakini ikimezwa saa isiyofaa inasukuma saa ya mwili upande mbaya. Mama mwenye mimba, mwenye kifafa ao anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu aulize munganga kwanza.

Wenye dawa za kila siku, kama za sukari, za shinikizo la damu, za ukimwi ao vidonge vya uzazi wa mpango, wapange saa mpya pamoja na munganga mbele ya kuondoka. Anayejidunga insulini asijipangie mwenyewe. Dawa zibebwe katika mfuko wa mkononi, siyo katika mzigo unaoingizwa chini ya ndege.

Homa siyo dekalaje

Jambo hili linaweza kuokoa maisha. Uchovu na kuumwa kichwa vinafanana na mwanzo wa malaria, lakini dekalaje haileti homa wala kutetemeka. Mtu aliyetoka mashariki ya Kongo anaweza kupata malaria hata wiki kadhaa kisha kufika kule, na waganga wa nchi zile wanaiona mara chache. Akisikia homa aende hospitali siku ileile na aseme wazi: "Nimetoka mahali penye malaria." Vilevile, mguu mmoja ukivimba na kuuma, ao pumzi ikikatika, aende haraka: inaweza kuwa damu iliyoganda kwa kukaa sana.

Siku ya kurudi

Anayerudi kutoka Uchina anaelekea magharibi, na mwili unazoea upesi kidogo. Hata hivyo, jioni za kwanza usingizi utamshika mapema. Asiendeshe motari wala motokari usiku katika siku hizo, hasa kama ndege imemshusha Kigali ao Entebbe na barabara ingaliko mbele yake. Apumzike kwanza, ao mwingine aendeshe.