Alama Ndogo ya Almasi

Msomaji, utakapo kujua kama embe limeiva, walibonyeza kwa kidole. Wahandisi nao hupima ugumu wa vitu kwa kubonyeza, kisha hupima alama iliyobaki.

Mwaka 1900 Johan August Brinell wa Uswidi alitangaza njia ya kukandamiza tufe la chuma cha pua. Mwaka 1922 Smith na Sandland wa Uingereza walieleza njia yao ya kutumia piramidi ya almasi. Njia hizo zilifaa sana kwa chuma kinene. Lakini kioo je? Mzigo mzito hukipasua. Na utando mwembamba uliopakwa juu ya chuma? Almasi huupenya, na mpimaji asijue amepima utando au kilicho chini yake.

Mwaka 1939, huko Washington, Marekani, Frederick Knoop na wenzake wawili walitoa dawa ya tatizo hilo. Waliichonga almasi yao iache alama ndefu, ambayo urefu wake ni kama mara 7 ya upana, na kina chake ni sehemu 1 tu ya 30 ya urefu. Hivyo hata mzigo wa gramu chache huacha alama ya kusomeka kwa hadubini. Ndipo ilipowezekana kupima kioo, hata meno ya binadamu.

Lakini fahamu kwamba alama ikiwa ndogo, kosa dogo la kuisoma huharibu hesabu yote. Mzigo mwepesi hudai jicho angalifu.