Miaka 60 ya Benki Kuu: Akiba iliyoletwa na kahawa ikayeyuka ndani ya mwaka mmoja

JUNI 14 mwaka huu Benki Kuu ya Tanzania inatimiza miaka 60 tangu ianze kazi mwaka 1966. Hotuba zitakuwa nyingi, na akiba ya fedha za kigeni haitakosa kutajwa. Juni 2025 akiba hiyo ilikaribia dola bilioni 6, kiasi cha kuagiza bidhaa na huduma kwa zaidi ya miezi minne. Nchi ina haki ya kujivunia. Ila wengi wanaojivunia leo hawajui kwamba akiba hii iliwahi kubaki ya kuhesabia siku, na kwamba mvutano juu yake ulimwondoa waziri wa fedha madarakani.

Kabla ya 1966 shilingi yetu ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, na dhamana yake ilikuwa pauni zilizowekwa London. Benki Kuu ilipoanzishwa, ugavana ulikabidhiwa Edwin Mtei, kijana wa Marangu mwenye umri wa miaka 33. Hali yenyewe ilikuwa ya ajabu. Desemba 1965 Tanzania ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na miezi sita baadaye gavana wake wa kwanza alikuwa akilinda akiba ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa pauni za Waingereza haohao. Novemba 1967 London ilipoishusha pauni kutoka dola 2.80 hadi 2.40, Tanzania na majirani zake hawakuifuata.

Ukame wa 1973 na 1974, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta, uliikausha akiba kwa mara ya kwanza. Kilichoirejesha kilitoka shambani. Julai 1975 baridi kali iliteketeza mibuni nchini Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa kwa miaka miwili. Kahawa ya wakulima wa Kilimanjaro na Ziwa Magharibi, mkoa ambao leo ni Kagera, ikaijaza hazina. Kufikia mwisho wa 1977 akiba ilikuwa karibu dola milioni 280, kiasi ambacho benki haikuwahi kuwa nacho.

Hapo ndipo kisa kinapoanza. Mtei, ambaye mwaka huo alikuwa amerudi serikalini kama waziri wa fedha, amekisimulia katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 2009, na makala haya yanamfuata yeye zaidi ya mwingine yeyote. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, ziliishauri Tanzania ilegeze masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Ushauri ukakubaliwa. Vibali vikatolewa, meli zikaja, na mwaka 1978 ulipoisha akiba ilikuwa imeshuka hadi kama dola milioni 100.

Bei ya kahawa nayo ilikuwa imekwisha kuporomoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na kila nchi ilibidi ijigharimie huduma zilizokuwa za pamoja. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Vita ile ilikadiriwa kugharimu dola milioni 500, karibu maradufu ya akiba ya mwaka wa neema. Mwaka 1979 mafuta yakapanda tena.

Mtei akawaendea IMF. Wao wakataka shilingi ishushwe thamani na matumizi ya serikali yapunguzwe. Kwa Mtei, hesabu hazikuwa na njia nyingine: nchi isiyo na dola haina cha kubishania. Kwa Mwalimu Nyerere, kushusha shilingi kulikuwa kumpandishia maskini bei ya kila kitu, tena kwa amri ya watu wasiopigiwa kura na Mtanzania hata mmoja. Alikataa katakata. Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979, na Amir Jamal akarudi kwenye kiti hicho. Siku ya mwaka mpya wa 1980, mbele ya mabalozi, Mwalimu aliuliza tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima.

Swali lile lilishangiliwa Afrika nzima, lakini halikuleta dola. Mwisho wa 1980 akiba ilikuwa kama dola milioni 20, isiyotosha kuagiza bidhaa kwa wiki mbili. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga, na walanguzi waliotajirika kwa shida za wenzao. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi. Juni 1986, chini ya Rais Mwinyi, shilingi ilishushwa kutoka 17 hadi 40 kwa dola, na mkataba na IMF ukafuata mwezi Agosti. Kilichokataliwa 1979 kilikubaliwa 1986, kwa bei kubwa zaidi.

Yaliyofuata yanajulikana: maduka ya kubadilisha fedha mwaka 1992, kusamehewa madeni mwaka 2001, utalii na dhahabu. Kisha mwaka 2023 dola ikaadimika tena mjini, na Oktoba 2024 ikaanza amri ya kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu iuzwe hapa nchini, Benki Kuu ikiwa mnunuzi.

Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu heshima ya nchi, na Mtei alikuwa sahihi kuhusu hesabu. Lakini kosa lililoziponza zote mbili lilifanyika mapema, mwaka wa neema, pale fedha za kahawa zilipotumika kana kwamba bei isingeshuka tena. Leo bei ya dhahabu iko juu kama kahawa ilivyokuwa 1977. Mali bila daftari hupotea bila habari. Bunge liitake Benki Kuu ieleze wazi, kwa Kiswahili na kila mwaka, imenunua kiasi gani cha dhahabu, kwa bei gani, na itauza kwa sababu zipi.